Sekunde Mbili Bondeni

Hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa urubani na ufundi wa ndege, pamoja na wazazi wao, jijini Nairobi

Mwenyekiti, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mlioketi huku mbele na ovaroli ambazo bado hazijaonja grisi: hamjambo? Ahsanteni kwa kunialika. Mwalimu wenu aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, njoo utuzungumzie usalama." Nikamuuliza, kwa muda gani? Akasema nusu saa. Kwa nusu saa siwezi kuumaliza usalama wote, kwa hivyo nimekuja na ajali moja tu, ile ya helikopta iliyomwua dereva wa mbio za magari Colin McRae kule Uskoti mwaka 2007, na nitakaa nayo.

Niruhusuni nianzie mbali. Ni wangapi humu mliwahi kusimama kando ya barabara kuingoja Safari Rally ile ya zamani, kabla ya kuhamia Naivasha? Naona mikono ni ya wazazi. Basi mnakumbuka kwamba gari tulikuwa hatulioni kwanza. Tulianza kwa kusikia chopa. Timu kubwa zilikuwa na helikopta iliyotangulia mbele ya gari, imelala chini juu ya migunga, ikimwambia dereva kwa redio kuna nini mbele: ng'ombe wanavuka, lori limesimama, watoto wametoka shule. Barabara zilikuwa hazijafungwa, wananchi wanaendelea na shughuli zao. Chopa ikishapita, unageuka unatazama vumbi linakuja, na ndani ya lile vumbi mna gari.

Mimi nilikuwa kijana fundi wakati huo. Wenzangu walishangilia magari. Mimi macho yangu yalibaki juu, kwenye ile chopa, nikistaajabu jinsi rubani anavyoweza kuinama na kila kona ya barabara asiguse mti. Nilidhani huo ndio ustadi wote wa dunia.

Mwaka 1997 Safari ilichukuliwa na kijana wa Uskoti, Colin McRae, akiendesha Subaru ya buluu. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekuwa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 27, Mwingereza wa kwanza kulipata taji hilo, ingawa Waskoti hawapendi kuitwa Waingereza na wana haki yao. Mwaka 1999 akarudi na Ford Focus, na huku kwetu ndiko Focus ilikopata ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya dunia. Mwaka 2002 akashinda tena, mara ya tatu. Huo ulikuwa ushindi wake wa 25 wa dunia, wakati huo hakuna dereva aliyekuwa na zaidi, na ndio uliokuwa wa mwisho kwake. Na Safari yenyewe ikatolewa kwenye kalenda ya dunia baada ya mwaka huo, isirudi hadi 2021. Kwa hivyo jina la mwisho kwenye ile Safari yetu ya zamani ni lake. Watu wengi wa rika langu tulimwona kama wetu.

Tarehe 15 Septemba 2007 alikuwa kwao, karibu na mji mdogo wa Lanark. Alikuwa na helikopta yake, aina ya AS350, hii hii ambayo nyinyi mnaiona kila siku ikipanda na kushuka, maana nchi hii imejaa ndege za ukoo huo. Alikuwa ametoka nyumbani kutembelea marafiki, si mbali, mwendo wa dakika chache angani. Saa kumi na dakika chache alasiri alikuwa anarudi. Ndani walikuwa wanne: yeye mwenyewe kwenye usukani, rafiki wa familia, mtoto wake wa kiume wa miaka 5, na mtoto mwingine wa miaka 6 aliyekuwa rafiki wa mwanawe.

Karibu na nyumba yake kuna bonde lenye kuta kali na miti mingi, na chini yake kinapita kijito kiitwacho Mouse Water kinachokwenda kuungana na mto Clyde. Helikopta iliingia katika bonde hilo. Ikagonga miti, ikaanguka, ikawaka moto. Hakutoka mtu hai.

Najua kuna atakayeniuliza, mbona mzee amevuka bahari kutafuta ajali na za kwetu zipo? Zipo, kweli. Kuna ile ya Ngong ya Juni 2012. Kuna ile ya Aprili 2024 iliyomchukua mkuu wa majeshi pamoja na wanajeshi wenzake. Familia zile tunaishi nazo, huenda ndugu yao yumo humu ukumbini, na sitaki kufungua kidonda cha mtu ili nifundishie. Hii ya Uskoti nimeichagua kwa sababu nyingine pia. Ndani yake kuna jambo la kiufundi ambalo kila mmoja wenu atakayegusa AS350 lazima alijue, na kuna jambo la kibinadamu ambalo mimi mwenyewe lilinipata.

Siku ile habari ilipofika Nairobi, karakana nzima ilinyamaza. Kisha yakaanza yale maneno yetu. Ajali haina kinga. Siku zake zilikuwa zimefika. Mimi ni mtu wa dini na sibishani na mtu juu ya ajali na ajili. Lakini nimefanya kazi hii miaka mingi, nami nawaambia kwamba maneno haya tukiyatamka mapema mno yanafunga daftari. Fundi akishasema siku zilifika, hafungui tena injini kutazama. Mfiwa ayaseme, yanamfariji. Sisi wa kazi hii tuyaseme tukishamaliza kutafuta.

Waingereza wana idara ya kuchunguza ajali za ndege, inaitwa AAIB. Kazi yake, kama ilivyoandikwa katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago ambao na sisi tumejiunga nao, ni kuzuia ajali nyingine. Kutafuta wa kumlaumu si kazi yake. Idara hiyo ilitoa ripoti yake Februari 2009. Hesabuni: miezi 17, kwa safari ya dakika chache.

Walikuwa na nini mkononi? Kidogo sana. Helikopta ndogo kama hizi hazikulazimika kubeba kile kisanduku cha kurekodi safari. Moto ulikuwa umekula sehemu kubwa ya mabaki. Palikuwa na alama za rada. Palikuwa na matawi yaliyokatwa, ambayo ukiyapima yanakuonyesha ndege iliingia kwa pembe gani. Na palikuwa na kamera ya video. Mmoja wa abiria alikuwa akipiga picha za safari, kama tufanyavyo sote tukipanda chopa. Kamera iliokotwa kwenye mabaki na ikasomeka. Ilionyesha ndege ikiruka chini sana. Mwisho wenyewe haukumo.

Wakahitimisha kwamba ndege ilikuwa nzima ilipofika kwenye miti, yaani haikuwa imekatika kitu hewani. Hawakupata hitilafu ya mtambo, ingawa kwa uaminifu wao waliandika kwamba haiwezekani kuifuta kabisa kwa sababu ya moto. Chanzo hawakukithibitisha kwa asilimia mia. Walichoweza kusema ni kwamba ndege ilikuwa inakwenda kasi, chini, ikigeuka ndani ya bonde, na kwamba katika hali hiyo kuna jambo moja linalowezekana kuwa lilitokea. Vijana wa ufundi, tegeni masikio hapa.

Mnajua gari lenye pawa stiringi. Injini ikizima barabarani ghafla, usukani unakuwa jiwe. AS350 nayo ina pawa yake. Rubani ana fimbo ya katikati kwa mkono wa kulia, ya kuielekeza ndege mbele, nyuma na pembeni, na wenzo wa kushoto wa kupandisha na kushusha. Lakini si mikono yake inayoyazungusha mapanga yale makubwa matatu kwenye pembe zake. Nguvu hiyo inatoka kwenye jeki tatu za haidroliki. Katika aina ile ya McRae jeki zote zinalishwa na pampu moja inayovutwa kwa mkanda. Nimeubadilisha mkanda huo mara nyingi. Ni mwembamba, unaukunja kiganjani, na kila ninapoukunja moyo wangu huenda mbio kidogo.

Sasa, ninachotaka kuwaeleza si pampu kufa. Pampu ni nzima, mkanda ni mzima, mafuta yamo, presha ni ya kawaida. Jeki ina kipimo cha nguvu yake. Mzigo wa upepo kwenye mapanga ukipita kipimo hicho, jeki inazidiwa, kama vile jeki ya tani moja ukiitia chini ya lori. Hapo ule mzigo unarudi kwenye mikono ya rubani.

Mzigo unazidije? Chukueni helikopta yenye watu wanne na mafuta. Iongezeni mwendo. Kisha igeuzeni kwa nguvu. Mkiwa kwenye matatu na dereva akakata kona mnaegemeana, si ndiyo? Angani ni hivyo hivyo, ila uzito unashuka kitini. Ukiinamisha ndege nyuzi 60 na ukataka isishuke, kila kilicho ndani kinakuwa na uzito maradufu. Ndege ya tani mbili, mapanga yanabeba tani nne. Uvute na ule wenzo wa kushoto juu, kwa sababu bonde linafunguka na kufumba na unataka kupanda haraka, ndipo unapofika kwenye kikomo cha jeki.

Rubani anachohisi ni hiki. Fimbo inakuwa nzito. Ndege inainua pua na kujibiringisha kulia bila yeye kutaka, kwa sababu mapanga ya AS350 yanazunguka kama mshale wa saa ukiyatazama kutoka juu. Ule wenzo wa kushoto unataka kushuka wenyewe. Ukitulia, ukauacha ushuke, ukalegeza kona, mzigo unapungua na jeki zinarudi kazini. Jambo zima halipiti sekunde mbili. Kitabu cha ndege kimelieleza, na mtengenezaji alishawaandikia wenye ndege hizi kulihusu miaka kadhaa kabla ya ajali hii. Si siri. Ni tabia ya ndege, kama ng'ombe anayejulikana kwamba anapiga teke ukimkamulia upande wa kushoto.

Lakini sekunde mbili ni kubwa kiasi gani? Ndege inayokwenda noti 100, yaani karibu kilomita 185 kwa saa, inakata mita 51 kwa sekunde. Sekunde mbili ni mita 100 na zaidi, urefu wa uwanja wa mpira, goli hadi goli. Juu angani uwanja wa mpira ni kitu kidogo. Rubani atashtuka, atatoa jasho, atafika nyumbani aelezee. Ndani ya bonde lile, kati ya kuta mbili za miti, uwanja huo wa mpira haupo.

Nataka mlishike hili kabla sijaendelea, maana watu wengi wakisikia habari ya jeki wanasema, kumbe ndege ni mbovu! Ndege si mbovu. Ndege ya ukoo huu, AS350 B3, ndiyo iliyotua kwenye kilele cha Everest Mei 2005, mahali ambapo hewa ni nyepesi kiasi kwamba mapanga hayana cha kushika. Kama ina uwezo wa kukaa pale juu, ina uwezo wa kukurudisha nyumbani kutoka kwa jirani. Kinachobadilika ni nafasi unayoiachia. Ukiwa chini, makosa yako, upepo, ndege tai, injini kukohoa na tabia za mtambo wako vyote vinadai malipo papo hapo.

Katika sheria ya Uskoti, kifo cha namna hii huendewa mahakamani pia ili jamii ijue kilichotokea. Anayesikiliza huitwa sherifu, na huko sherifu ni hakimu, msije mkafikiria askari wa filamu. Mwaka 2011 sherifu huyo alitoa uamuzi wake. Hakung'ang'ania jeki. Alisema kwamba kuingia katika bonde lile kwa kimo kile hakukuwa na busara, hakukuwa na haja, na kulikwenda kinyume na kanuni za urubani mzuri, na kwamba tahadhari ambayo ingeliepusha vifo hivyo ni rubani kutoingia mle chini. Hiyo tu.

Neno lililonichoma ni lile la haja. Hakukuwa na haja. Kuna watu wanaoruka chini kwa sababu kazi yao iko chini. Mwaka 2020 nzige walipotuvamia kule Samburu na Marsabit, marubani waliinama nao asubuhi kabla hawajaamka, ili dawa ifike. Wanaohesabu tembo wako chini. Rubani Roger Gower, mnamo Januari 2016, alikuwa chini katika pori la Maswa kule Tanzania, akifuata nyayo za majangili waliokuwa wameua tembo, wakampiga risasi kutoka ardhini, naye akafa. Watu kama hao nawavulia kofia. Wanajua wanachokilipia na wanalipa nini. Kabla ya kuruka wanasoma ramani ya nyaya, wanajua upepo unatoka wapi, wanapunguza mzigo, na wanarudi juu mara kazi inapokwisha. Na wengine mawingu yanawasukuma chini mpaka wanakosa pa kwenda, kama ilivyokuwa kule Calabasas, Marekani, Januari 2020, ndege iliyokuwa na Kobe Bryant, binti yake na wengine saba. Rubani yule alipita chini ya mawingu akifuata barabara kuu, kisha akajaribu kutoboa wingu, akapoteza hisia ya juu na chini. Alimwambia mwongozaji wa ndege kwamba anapanda, na kumbe anashuka. Ile ni habari nyingine na siku yake itafika.

Lakini alasiri ya Lanark hakukuwa na nzige wala jangili. Palikuwa na mtu anayerudi nyumbani.

Kuna habari ya leseni, na siwezi kuiruka kwa sababu ninyi mtakuwa na leseni. Uchunguzi ulikuta kwamba leseni yake ya urubani ilikuwa imeisha muda, na ruhusa yake ya kurusha aina hiyo ya ndege nayo ilikuwa imeisha. Mtu atasema, karatasi haishiki ndege angani. Kweli, haishiki. Lakini fikirieni ile karatasi inakulazimisha nini. Kila mwaka inakuketisha na mtu mwingine kando yako, mtu ambaye si rafiki yako wala mfanyakazi wako, anayekutazama mikono na kukuuliza: hili la jeki kuzidiwa unalijua? Nionyeshe. Mtu mashuhuri hana watu wengi wa kumwuliza maswali. Karatasi ile ilikuwa mmoja wao.

Sasa nije kwa langu. Nilikuwa sijapanga kulieleza mbele ya wazazi, lakini nimeona sura za vijana na nitalisema.

Ilikuwa msimu wa kampeni. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi wakati huo ilikuwa imekodisha ndege kwa mgombea, na desturi ni kwamba fundi anaandamana na ndege, maana mnatua vijijini mara sita au saba kwa siku. Nilikaa kiti cha nyuma, kulia, vifaa vyangu miguuni. Rubani alikuwa mtu hodari, mwenye saa nyingi kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Mheshimiwa akiwa mbele, tukafuata bonde la mto. Tukaanza kuona watu, wamepanda kwenye miti, wanapunga matawi. Mheshimiwa akamgusa rubani bega akasema, "Shuka kidogo wananchi watuone."

Tukashuka. Ikawa tunaona rangi za leso za akina mama. Mheshimiwa akacheka kwa furaha, akasema tena, kidogo tu. Tukashuka tena. Nakumbuka mahindi yakilala kwa upepo wetu, na mbwa mmoja akikimbia kwa mduara.

Halafu nikaona nguzo. Ilikuwa kwenye ukingo wa kushoto wa bonde, nguzo ya mti iliyopauka jua. Nikageuka kulia upesi, nikaona ya pili, ukingo wa pili. Kila mtu aliyefanya kazi hii anajua nguzo mbili kwenye kingo mbili zina maana gani. Waya wenyewe huuoni. Unauona ukiwa umechelewa.

Nilikuwa na spika masikioni, maikrofoni mdomoni, kitufe chini ya kidole gumba. Ningeweza kusema neno moja: panda. Au, waya! Sikulisema. Nimejiuliza kwa miaka kwa nini. Mheshimiwa alikuwa mbele. Rubani alikuwa mkubwa wangu. Nilikuwa kijana, nimezoea kwamba fundi anazungumza ndege ikiwa imezimwa. Haya yote yalipita kichwani katika muda ambao haukutosha kupepesa macho, na kidole kilibaki pale pale juu ya kitufe.

Waya ukapita juu ya vioo vyetu. Juu, mnanisikia? Tulipita chini yake. Niliuona kama mstari mweusi wa kalamu, ukaenda. Mbele hakuna aliyeuona.

Tulipotua watu waliimba. Usiku, tulipokuwa tunafunika ndege, nilimwambia rubani. Hakunikemea. Alikaa kwenye skidi ya ile helikopta, akashika kichwa, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwa nini hukusema?" Sikuwa na jibu, na sikujua kama ananilaumu au anajilaumu yeye.

Kwa hiyo ninaposoma ile ripoti ya Lanark sisomi kama mtu aliyesimama mbali. Nafika pale kwenye abiria, na ninakwama. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina kitufe chini ya kidole, naijua ndege bolti kwa bolti, na bado sikusema. Wale watoto wawili, wa miaka 5 na wa miaka 6, wangesema nini? Kwao huenda ilikuwa furaha tupu, tumbo kupanda na kushuka kama kwenye bembea. Wao walimwamini aliye mbele kama mtoto anavyomwamini baba.

Sheria ya kimo mnaijua, mtaulizwa kwenye mtihani: nje ya mji, futi 500 kutoka ardhini, juu ya mji au mkutano wa watu, futi 1,000 kutoka kizuizi kirefu zaidi kilicho karibu. Ukiondoa kutua na kupaa, na kazi maalumu zenye kibali. Wengi hudhani futi 500 ziliwekwa ili kelele isiwasumbue wenye nyumba. Hebu zigeuzeni muone zina nini ndani. Zina muda wa wenzo kushuka na kurudi. Zina muda wa injini kuzima na mapanga kuendelea kuzunguka kwa upepo mpaka upate shamba la kutua. Zina nguzo mbili na waya wake, vyote vikiwa chini yako.

Wazazi, nanyi nina neno lenu. Mtoto wako akishapata kazi, wa kwanza kumwambia ashuke kidogo hatakuwa adui yake. Atakuwa bosi, au mgeni wa heshima, au mjomba siku ya arusi anayetaka chopa ipite juu ya hema. Huenda akawa wewe mwenyewe, siku ya kwanza anapokuja kijijini na ndege, umetoka nje na majirani. Utatamani apite chini, juu ya paa lako la mabati, wote wamwone mwanao. Naomba siku hiyo umpigie simu kabla, umwambie apite juu.

Nilipofika hapo nilikuwa nimemaliza, nikakaribisha maswali. Msichana mmoja wa mstari wa pili akasimama. Akauliza, "Mzee, umesema wenzo ukitaka kushuka tuuache. Lakini tukiwa tunaanguka, mkono utakubali kweli?"

Nilimwambia aje mbele. Nikamketisha kwenye kiti, nikamwambia aweke mkono wa kushoto kama ameshika wenzo, anapanda, bonde linafumba. Kisha nikausukuma mkono wake chini ghafla bila kumwonya. Akauvuta juu kwa nguvu zake zote. Ukumbi ukaguna, kwa sababu kila mtu aliona kwamba hata yeye angevuta.

Nikamwambia, sasa nikisukuma, legeza. Hesabu kwa sauti. Nikasukuma. Akakaza. Tukarudia, akakaza tena, kidogo. Mara ya nne mkono ukashuka wenyewe, taratibu, naye akahesabu, moja, mbili, nikauachia ukarudi.

Nikamwambia, "Vizuri. Sasa katika hizo mbili umeshuka. Chini yako palikuwa na nini?"

Akatazama sakafu.